Mwana wa mnyamapori aliye peke yake si lazima awe yatima

MVUA zinyeshapo na nyasi kuchipuka katika nyanda za Kajiado, Narok na Laikipia, wanyama wengi huzaa. Ni katika majira hayo ambapo mchungaji, mkulima au msafiri aliyesimamisha gari kando ya barabara humkuta ndama wa swala amejikunyata nyasini, masikio ameyalaza shingoni na macho makubwa ameyakodoa. Mama haonekani. Kundi halionekani. Jua ni kali na tai wanazunguka angani. Huruma humjia mtu, naye huinama akamchukua.

Je, amefanya vyema? Jibu ambalo wahifadhi wa wanyamapori wamelirudia kwa miaka mingi ni kwamba, mara nyingi, hapana. Ndama huyo kwa kawaida hajaachwa na mtu wala mnyama. Mama yake yumo kichakani, hatua mia chache kutoka hapo, akingoja mwanadamu aondoke. Anayemnyanyua kwa nia ya kumwokoa ndiye anayemtia katika uyatima.

Hata hivyo, jibu hilo halitoshi kwa kila hali. Wapo yatima wa kweli, na baadhi yao wasipopata msaada wa mwanadamu hufa kifo cha polepole. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuwatofautisha, kwa nini uokoaji wa pupa huua, na hatua zinazofaa kuchukuliwa na mwananchi wa kawaida ambaye si askari wa wanyamapori wala daktari wa mifugo.

Wanaofichwa

Wanyama wanaokula nyasi na majani huwalea wana wao kwa mojawapo ya njia mbili. Wapo wanaowaficha, na wapo wanaotembea nao. Anayezijua njia hizi mbili atakuwa ameepuka sehemu kubwa ya makosa.

Swala tomi, swala granti, digidigi na pongo ni miongoni mwa wanaoficha. Mwana wa swala aliyezaliwa jana hawezi kumshinda duma kwa mbio, wala hawezi kupambana na bweha. Kinga yake ni kulala kimya bila kutikisika, rangi yake inayofanana na nyasi kavu na udongo, na kutokuwa na harufu kali. Ili kuilinda kinga hiyo, mama humlamba mwanawe na hata kumeza mkojo na kinyesi chake, adui asije akanusa chochote. Kisha mama hujitenga. Yeye ana harufu na umbo linaloonekana kwa mbali, kwa hivyo akisimama kando ya mwana huwa ni kama anayemwonyesha adui mahali alipo.

Mama hurudi mara chache tu kwa siku. Hunyonyesha haraka, humsafisha mwana, kisha mwana hutafuta kificho kingine akalala tena. Kwa digidigi, maisha haya ya kujificha huchukua wiki mbili hadi tatu hivi. Mama wa swala tomi, akimwona bweha amekaribia kificho, huweza hata kumkabili na kumfukuza. Mama wa aina hiyo hawezi kuitwa mtoro.

Hapa ndipo mwanadamu anapojidanganya. Husimama pale pale, akangoja saa nzima au mbili, kisha akaapa kwamba mama hayupo. Kumbe ni yeye anayemzuia mama kurudi. Kadiri anavyozidi kungoja karibu, ndivyo mwana anavyozidi kukaa na njaa.

Sungura wa porini naye huhesabiwa hapa. Wana wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka, wakaachwa peke yao katika nyasi. Mama huwarudia kwa muda mfupi tu, hasa giza linapoingia. Mkulima anayepalilia na kuwakuta wadogo hao watatu wamelala kimya hajagundua msiba wowote. Amefika tu nyumbani kwa watu wakati mwenye nyumba ametoka.

Wanaofuatana na mama

Nyumbu ana njia tofauti. Katika nyanda za kusini mwa Serengeti, nchini Tanzania, ambako nyumbu huzaa kwa wingi kati ya Januari na Machi, ndama husimama dakika chache baada ya kuzaliwa na kuanza kukimbia na mama. Hana kificho. Usalama wake ni kundi na miguu ya mama. Pundamilia vilevile hutembea na mwanawe, na siku za kwanza humzuia asikaribiwe na wenzake ili aweze kuijua vyema harufu na milia ya mamake.

Kwa sababu hiyo, ndama wa nyumbu aliye peke yake ana tatizo la kweli. Aliyempoteza mama hukifuata chochote kinachotembea, hata kama ni gari au fisi. Lakini hata yeye hafai kupakiwa garini. Mara nyingi kundi liko nyuma ya kilima, na mama anazunguka akimwita. Mtu akijiondoa, mama na mwana hupata nafasi ya kusikilizana.

Twiga yuko katikati ya njia hizi mbili. Siku za kwanza mwana hujilaza mafichoni, kisha hukusanywa pamoja na wenzake mahali pamoja huku mama zao wakila mbali. Msafiri anayewaona twiga wadogo wanne bila mkubwa hata mmoja karibu anaona malezi ya kawaida ya twiga.

Ndovu ni kinyume kabisa. Mwana wa ndovu haachwi peke yake. Hulindwa na mama, dada, shangazi na bibi. Ndovu mdogo anayerandaranda peke yake ni dharura ya kweli. Tahadhari kuu ni kwamba familia yake yaweza kuwa karibu, na ndovu jike anayedhani mwanawe anaibwa hana subira ya kusikiliza maelezo.

Wana wa wawindaji

Wengi huamini kwamba simba au duma wadogo walioonekana bila mama wameachwa. Simba jike huzaa mbali na wenzake na huwaficha wanawe kwa wiki sita hivi au zaidi kabla ya kuwapeleka kwenye kundi. Duma huwaacha wanawe katika nyasi ndefu akaenda kuwinda, na huwahamisha mara kwa mara ili harufu isikusanyike mahali pamoja. Anaweza kukawia. Fisi wa Serengeti huenda mbali kuwafuata nyumbu, na wana wao hubaki pangoni kwa siku kadhaa wakingoja maziwa.

Anayewachukua wana hao huhatarisha maisha yake papo hapo, kwa kuwa mama hurudi. Na asiporudi siku hiyo, bado kuna hatari nyingine. Duma wadogo wana soko haramu. Kwa miaka mingi wamesafirishwa kutoka Pembe ya Afrika hadi nchi za Ghuba kuwa wanyama wa kufugwa na matajiri, na wengi hufa njiani. Mnyama aliyeondolewa porini kwa huruma ya mtu mmoja huweza kuishia mikononi mwa mwingine asiye na huruma yoyote.

Makinda na kasa

Kwa wakazi wa miji, mnyamapori wanayekutana naye mara nyingi ni ndege. Hapa yapo mambo mawili ya kuangalia. Kinda asiye na manyoya, au aliye na vinyweleo tu, ameanguka kutoka kiotani. Kiota kikionekana na kikafikika, mrudishe. Kinda aliyeota manyoya, anayerukaruka chini na kupiga kelele, anajifunza kuruka. Wazazi wake wako mtini na wanaendelea kumlisha. Anachohitaji ni paka na mbwa wafungiwe kwa siku moja au mbili, na watoto wakatazwe kumkimbiza.

Ipo dhana ya zamani kwamba ndege akinusa mkono wa mwanadamu juu ya kinda humtupa. Dhana hiyo haina msingi. Ndege hamtambui mwanawe kwa kunusa mikono ya watu, na mzazi aliyekwisha kujitaabisha kwa mayai na chakula hamwachi mwana kwa sababu ndogo kama hiyo. Kwa wanyama wanyonyeshao, harufu yetu pekee kwa kawaida haimfanyi mama amkatae mwana. Madhara huletwa na kukaa kwetu pale, kelele zetu, na njia tunayoifungua nyasini ambayo adui anaweza kuifuata. Isitumiwe basi kama kisingizio, kwamba 'nilikwisha kumgusa, ikanibidi nimchukue.' Aliyeguswa bado anaweza kurudishwa.

Pwani yetu ina mfano wake. Kasa hutaga mayai katika mchanga wa fuo kama za Watamu, Diani na Lamu, kisha hurudi baharini wala hawaangalii tena. Baada ya miezi miwili hivi, vitoto huanguliwa na kukimbilia maji, kwa kawaida usiku. Hao wote, kwa maana moja, hawana mama, lakini hakuna yatima hata mmoja. Maumbile yamewaumba wasihitaji malezi. Anayewabeba kwenye ndoo hadi nyumbani 'ili wakue kidogo' anawapotezea nguvu walizowekewa kwa safari ya kwanza baharini. Msaada wa kweli ni kuzima taa zinazowapoteza njia, kufukia mashimo yaliyochimbwa ufuoni na kuwafukuza mbwa. Katika Watamu, juhudi za kulinda viota na kuwarejesha baharini kasa walionaswa nyavuni zimeendeshwa na wakazi, wavuvi na wahifadhi tangu mwaka wa 1997.

Yatima wa kweli

Zipo dalili zinazoonyesha kwamba mwana wa mnyamapori anahitaji msaada. Ya kwanza na iliyo wazi ni mama kuonekana amekufa, iwe ni barabarani, mtegoni au kwa risasi. Ya pili ni jeraha, damu, mguu uliovunjika, au nzi waliotaga mayai katika kidonda. Ya tatu ni mwana kunaswa mahali asipoweza kutoka, kama kisima, shimo la choo, tope au waya. Ya nne ni mwana kulia na kuzungukazunguka kwa saa nyingi akiwa amedhoofika, ilhali yeye ni wa jamii inayojificha na kunyamaza. Ya tano ni mwana wa tumbili, nyani au mbega kuwa peke yake chini. Watoto wa jamii hii hung'ang'ania kifua cha mama usiku na mchana. Huko Diani, mbega huuawa na magari na nyaya za umeme, na si ajabu mama akafa mwana akiwa bado amemshika.

Ukame huongeza idadi ya yatima. Mwaka wa 2022, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba ndovu 205, nyumbu 512 na pundamilia 381 walikuwa wamekufa kati ya Februari na Oktoba. Mama akikosa malisho, maziwa hukauka. Mama akifa, mwana anayenyonya humfuata baada ya siku chache.

Visima vya mchangani huko Samburu ni chanzo kingine. Wafugaji huvichimba katika mito iliyokauka ili kunywesha mifugo, na usiku ndovu nao huja kunywa. Mwana huteleza akaanguka, familia hujaribu kumtoa, kunakucha, watu wanakuja, na familia hulazimika kuondoka. Kituo cha Reteti, kilichofunguliwa mwaka wa 2016 katika eneo la hifadhi ya jamii la Namunyak, kiliundwa na wakazi wenyewe kwa ajili ya visa kama hivyo. Jambo la kwanza linalotafutwa pale si kumpeleka mwana kituoni, bali kumtoa kisimani na kumrudisha kwa familia yake ikiwa bado inaweza kupatikana. Malezi ya mwanadamu huja pale tu njia hiyo inaposhindikana.

Maziwa yanayoua

Mtu akishamfikisha mnyama nyumbani, jambo la kwanza analofanya ni kumpa maziwa ya ng'ombe. Hili limewaua wengi. Maziwa ya kila mnyama yana kiasi chake cha mafuta, protini na sukari, na tumbo la mwana limeumbwa kwa hayo. Ya mnyama mwingine humletea kuhara, kuhara humkausha maji mwilini, na baada ya siku mbili tatu mwana huwa amekwisha. Aidha, mnyama aliyelazwa chali na kulazimishwa kunywa kwa chupa huvuta maziwa mapafuni.

Historia ya ndovu nchini mwetu inatoa funzo kubwa. Daphne Sheldrick, aliyeishi Tsavo na mumewe David, mlinzi mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, alihangaika kwa miaka mingi kutafuta maziwa ambayo ndovu mchanga angeweza kuyahimili. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe yaliwadhuru. Hatimaye aligundua kwamba mafuta ya nazi yanakaribia yale ya ndovu. Mwaka wa 1974 alimlea ndovu mchanga aitwaye Aisha kwa maziwa hayo hadi akafikisha miezi sita hivi. Kisha akalazimika kusafiri kwa siku chache kwa ajili ya arusi ya bintiye. Aisha, aliyekuwa amemzoea yeye peke yake, alikataa kula na akafa.

Kutokana na msiba huo, walezi wa ndovu hujua mambo mawili: kwamba maziwa sahihi ni nusu tu ya kazi, na kwamba mwana hapaswi kumtegemea mtu mmoja. Shirika alilolianzisha mwaka wa 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe huwabadilisha walezi kwa zamu, nao hulala kandokando ya wana na kuwanyonyesha kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Mwana wa ndovu wa chini ya miaka miwili hawezi kuishi bila maziwa. Baada ya kukua kidogo huhamishwa kutoka Nairobi hadi Voi, Ithumba au Umani, ambako hukutana na ndovu wa mwituni na kujiunga nao polepole, kwa miaka. Zaidi ya ndovu 200 wamelelewa kwa njia hiyo, na baadhi wamerudi na wana wao waliozaliwa porini. Reteti nao wamefaulu kwa kutumia maziwa ya mbuzi yaliyochanganywa kwa utaalamu. Tofauti ya kazi hii na chupa ya maziwa jikoni haihitaji maelezo.

Mazoea yana taabu

Tuseme mwana amepona. Je, atakwenda wapi? Mnyama aliyelelewa na watu haogopi watu, na asiyeogopa watu huingia mashambani, huua mbuzi, hujeruhi watoto, kisha hupigwa risasi.

Kisa cha Elsa kinajulikana ulimwenguni kote. Mwaka wa 1956, George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyamapori kaskazini mwa Kenya, alimuua simba jike aliyewavamia. Baadaye iligunduliwa kwamba simba huyo alikuwa akiwalinda wanawe watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alilelewa na George na mkewe Joy, akafundishwa kuwinda na kuachiliwa Meru, ambako alizaa wana watatu. Hayo ndiyo mafanikio. Lakini Elsa alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, na wanawe, wakiwa bado wadogo, walianza kushambulia mifugo ya wakazi, wakalazimika kunaswa na kuhamishiwa Serengeti. Miaka kumi baadaye, huko Kora, simba mwingine aliyekuwa amezoea watu alimuua msaidizi wa George, naye George akalazimika kumpiga risasi simba aliyempenda.

Owen, kiboko mchanga, ni mfano wa pwani. Yeye na wenzake walikuwa wamesukumwa na mafuriko ya mto Sabaki hadi baharini karibu na Malindi, na mawimbi ya tsunami ya Desemba 26, 2004 yalimwacha peke yake juu ya miamba. Wavuvi, wakazi na maafisa walimnasa siku iliyofuata kwa nyavu na kamba, akapelekwa katika bustani ya Haller, Mombasa. Huko aliambatana na kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, na picha zao zikazunguka dunia. Uokoaji ule ulikuwa wa haki, kwa kuwa mama hakuonekana na mwana alikuwa hatarini. Lakini hakurudi mtoni. Kiboko mgeni asiye na mama huuawa na viboko wenyeji, na Owen aliishi kizuizini, akapatiwa mwenzi wa jinsi yake mwaka wa 2007. Hata uokoaji ulio bora una gharama.

Nchini Marekani, Mei 2016, watalii katika hifadhi ya Yellowstone walimwona ndama wa baisani wakadhani anakufa kwa baridi. Wakampakia garini, wakampeleka kwa askari wa hifadhi. Askari walijaribu mara kadhaa kumrudisha kundini, lakini kundi lilimkataa, naye akawa anaendea watu na magari barabarani. Mwishowe alidungwa sindano ya kifo. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Magonjwa na sheria

Mnyamapori mdogo anayekubali kushikwa bila woga si lazima awe mpole. Huenda anaugua. Kichaa cha mbwa hubebwa pia na bweha, nguchiro na wanyama wengine, na dalili zake zikijitokeza kwa mwanadamu, kifo ni karibu hakika. Aliyeumwa au kukwaruzwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Wanyama wa jamii ya nyani hupokezana na watu maradhi kama kifua kikuu. Hatari ni ya pande zote mbili, kwani nasi huwaambukiza yetu.

Sheria nayo iko wazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 haimruhusu mtu kumweka au kumfuga mnyamapori bila kibali. Huruma si kibali. Anayemweka digidigi uani kwa miezi sita bila kumwarifu yeyote atapata shida kueleza mahakamani kwamba alikuwa akimwokoa.

Ufanye nini

Kwanza, simama mbali na utazame. Usimguse, usimpige picha kwa karibu, usiwaite majirani waje kuona. Funga mbwa. Ondoa mifugo hapo ikiwezekana.

Pili, ondoka. Rudi baada ya saa kadhaa, ikiwezekana asubuhi ya siku ya pili, na uchungulie kutoka mbali. Ukimkosa, katika visa vingi ni kwa sababu mama amempitia.

Tatu, ikiwa yuko barabarani au njiani mwa trekta, msogeze hatua chache tu hadi kwenye nyasi au kivuli, kisha uondoke. Hili linahusu wanyama wadogo wasio na hatari. Usijaribu kwa ndovu, nyati, kiboko, simba, chui, fisi au nyani.

Nne, ukiona dalili za uyatima wa kweli, toa habari kwa ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyo karibu, au kwa chifu, kituo cha polisi ama walinzi wa hifadhi ya jamii. Eleza mahali, saa, aina ya mnyama na ulichokiona. Ukumbuke mahali hasa, maana mwana aliyeondolewa mahali pasipojulikana hawezi kurudishwa kwa mamake.

Tano, ukingojea wataalamu, usimpe maziwa wala chakula. Kivuli na utulivu vinatosha. Aliyejeruhiwa na aliye mdogo anaweza kuwekwa katika sanduku lenye matundu, mahali penye giza na pasipo kelele. Usimbembeleze. Kwa mnyama wa mwituni, mkono unaompapasa ni mkono wa adui aliyekwisha kumnasa.

Swali gumu

Linabaki swali ambalo wahifadhi wenyewe hawakubaliani juu yake. Je, hata yatima wa kweli aokolewe? Wapo wanaosema kwamba kifo cha wana ni sehemu ya maumbile. Wengi wa duma na simba wanaozaliwa hawafiki utu uzima. Mzoga wa mmoja ni chakula cha mwingine, na fedha zinazotumiwa kumlea mmoja kwa miaka kadhaa zingeweza kulinda malisho ya mamia. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa.

Wapo pia wanaojibu kwamba yatima wengi wa siku hizi hawakufanywa yatima na maumbile. Mama alikufa kwa mshale wa jangili, mtego wa waya, lori la usiku, au kisima chetu. Mwenye kumvunjia jirani chungu humlipa. Kwa mtazamo huu, deni letu linategemea chanzo cha msiba. Mwana aliyempoteza mama kwa simba tumwachie maumbile. Aliyempoteza kwa mkono wetu tuna wajibu naye, hasa akiwa wa jamii iliyobaki chache, kama ndovu na kifaru.

Mwandishi wa makala haya anaegemea upande huo wa pili, kwa sharti moja: kwamba kazi hiyo ifanywe na wenye ujuzi, maziwa, nafasi na miaka ya kungoja. Mwananchi aliyemwona mwana nyasini hana vitu hivyo. Anacho kimoja ambacho wataalamu hawana, nacho ni kuwa pale wa kwanza. Akitazama vyema, akaondoka kimya na kutoa habari sahihi panapohitajika, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko ya aliyembeba mwana mikononi hadi nyumbani.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kabla hujainama kumchukua swala yule mdogo, inua macho uangalie kichaka kilicho mbele. Yaelekea mwenye mwana yuko hapo, anakungoja uende zako.